Siku 412 za kujifunza Kiingereza kwa simu, kwenye usaili kaambiwa "walk me through", KASIMAMA!

#1 BintiMakorora
Wadau, salaam. Naomba mnisaidie kuelewa jambo, na msicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Nina mtoto wa marehemu kaka yangu, naishi naye hapa Makorora, Tanga. Kamaliza kidato cha nne, Kiingereza kakipata kwa kubahatisha. Badala ya kushinda kijiweni akapakua programu ya kujifunza Kiingereza. Wallahi sijaona kijana mwenye nidhamu ile. Kila siku baada ya isha yuko barazani na simu yake. Umeme ukikatika anakimbilia dukani kwa jirani kuomba chaji. Programu inamhesabia siku kwa alama ya moto, na hadi Jumatano iliyopita moto ulikuwa siku 412. Hakukosa hata Idi.

Jumatano hiyo kaitwa usaili, kampuni moja hapa mjini, kazi ya ghalani. Kaenda na shati nililolipiga pasi mwenyewe. Wasaili watatu, mmoja mgeni. Mgeni akamwambia: "Walk me through your typical day." Kijana kasikia "walk". Kasimama. Kaanza kuelekea mlangoni, kadhani anatakiwa awaonyeshe njia. Ni yule dada wa Kitanzania aliyemwokoa: "Kaa baba, unaulizwa siku yako inakwendaje." Baada ya hapo hata jina lake alilitaja kwa kigugumizi.

Swali: hizi zana za mtandaoni zinafundisha Kiingereza au zinafundisha kuzitumia zenyewe? Nauliza kwa sababu mimi nina tuisheni ya jioni, watoto kumi na wanne wa kidato cha kwanza, na nilibakiza kidogo niwaambie wazazi wachange tununue kishikwambi.

#2 KasaWaRaskazone
Nimecheka kabla sijamaliza, nisamehe dada yangu. Alifika mlango wa ndani au wa nje?
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pale na kahawa na kashata.

#3 FundiSimu_Ngamiani
Mleta uzi, mpe pole kijana. Mimi nashika simu za watu kila siku, naona wanachofanya humo ndani. Somo la programu nyingi linakwenda hivi: unapewa sentensi, chini yake vijineno vimetawanywa kwenye visanduku, unavigusa kimoja kimoja mpaka sentensi itimie. Vijineno viko saba, sentensi inataka vitano. Hapo hujatunga kitu, umepanga matofali ambayo mwingine kashayachoma. Usaili hauna visanduku. Unakaa mbele ya mtu na kinywa kitupu.

Halafu huo moto. Sisemi ndiyo aliyotumia kijana, ila chukua mfano wa Duolingo. Mmoja wa waanzilishi wake, Luis von Ahn wa Guatemala, ni miongoni mwa watu waliotuletea vile viherufi vilivyopindapinda vya kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Kwa hiyo Duolingo inafunguliwa kwa watu wote 2012, jamaa alishajua zamani jinsi ya kumfanya binadamu arudie kikazi kidogo mara elfu bila kugoma. Moto kazi yake ni kukurudisha kesho. Na usiporudi hufundishiki, kwa hiyo siutukani moja kwa moja. Ila kurudi ni kurudi tu.

#4 Mwl_Mstaafu
Fundi, umeeleza vizuri lakini umeanza kuezeka kabla ya ukuta. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, utaratibu wa tangu 1967. Halafu Januari moja anaamka yuko kidato cha kwanza, jiografia, baiolojia, historia, vyote vimevaa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya elimu, ile ya Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, kuanzia kidato cha kwanza 1985. Serikali haikulifuata. 1984 wakaja wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakawapima wanafunzi na kuandika kwamba wengi hawakielewi Kiingereza wanachofundishiwa. Nilikuwa mwalimu kijana. Darasani nilikuwa naandika ubaoni kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili huku nachungulia dirishani kama mkaguzi hajafika.

Sasa simu ya laki na nusu itatibu ugonjwa uliopimwa miaka arobaini iliyopita?

#5 Bomba1443
Mwalimu shikamoo. Kwa heshima zote, mimi nimesoma mfumo huo huo, shule ya kata, na leo niko kwenye bomba la mafuta, Chongoleani. Asubuhi kabla ya kazi tunasimama duara, msimamizi anazungumzia usalama dakika kumi kwa Kiingereza. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa naitikia "yes" kama kasuku. Nikanunua daftari. Neno nikilisikia mara tatu naliandika: harness, spill, permit, lift. Mpaka leo daftari halijafika maneno mia tatu, na ndiyo yanayonilisha.

Programu niliijaribu. Ilinifundisha tufaha, farasi na theluji. Mimi tufaha nimelila mara mbili tangu nizaliwe. Zana haina kosa, kijana kajifunza Kiingereza cha mtu mwingine.

#6 KasaWaRaskazone
Hiyo 1443 kwenye jina ndiyo nini, namba ya jezi?

#7 Bomba1443
Kilomita za bomba, Hoima mpaka hapa Tanga. 1,147 ziko kwetu, zilizobaki Uganda. Turudi kwenye mada mgosi.

#8 MwongozaWageni
Mimi naongoza wageni, mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, nikipata wenye hela nawavusha Toten. Kiingereza changu kimetoka redioni. VOA, redio ya Marekani, walikuwa na Kiingereza cha polepole, walikianza 1959, msamiati kama maneno 1,500, sentensi fupi fupi, msomaji anasoma kama anamsomea bibi yake. Intaneti ilipofika nikawa nasikiliza huku maandishi yako mbele ya macho. Hapo ndipo nilipogundua maneno niliyokuwa nayasikia kama neno moja ni matatu.

Lakini nako hakukutosha, nisidanganye. Siku za mwanzo nilimwambia mama mmoja wa Kizungu mlangoni mwa pango, "I am coming", nikaenda zangu kula. Kwetu "nakuja" si ndiyo kuondoka kwa adabu? Nimerudi saa nzima baadaye, mama wa watu amesimama palepale na mwavuli wake. Somo lile sikulipata redioni wala kwenye simu. Kanifundisha yeye, kwa hasira.

#9 Chumbageni_Kwetu
Mwongoza, nyongeza kwa wanaotaka kuanza leo: VOA ilisimamishwa Machi 2025, wafanyakazi wakapewa likizo. Kwa mwanafunzi mpya bora BBC, wamekuwa wakifundisha Kiingereza hewani tangu 1943, na vile vipindi vyao vya dakika sita unapakua pamoja na maandishi yake.

#10 ZuhuraWaPangani
Mnazunguka tu. Tatizo ni kuchekwa. Hapa kwetu ukisema sentensi mbili za ung'eng'e mtaani unaitwa "Mzungu wa Mabawa" mpaka unazeeka. Ukikosea, ndiyo kabisa, kosa lako linageuzwa salamu. Nilisoma na binti aliyesema "my head is paining me" mbele ya darasa mwaka ule, juzi nimemkuta harusini bado wanamwita Peining. Ana watoto watatu!

Simu haimcheki mtu, ndiyo maana kijana kaipenda. Na ndiyo maana haikumwandaa.

#11 NesiZamuYaUsiku
Zuhura umegusa penyewe. Nieleze ya kwangu, itakuwa ndefu.

Niliajiriwa Kiingereza cha vitabuni ninacho, mdomoni sina. Akaja mgonjwa mgeni, kavunjika mkono. Nikafungua Google Translate, Kiswahili kimo humo tangu 2009, nikaandika "pole". Ikanipa "sorry". Nikamwambia sorry. Nikafunga bandeji, sorry. Nikamletea dawa, sorry. Mwisho akanishika mkono kwa upole akaniuliza, nimefanya kosa gani? Alidhani kuna jambo tumeliharibu tunamficha. Toka siku hiyo nikaacha kutafsiri neno moja moja. Naandika hali nzima: mtu ameumia, nataka kumfariji, niseme nini.

Tukaanzisha grupu la WhatsApp, manesi tisa, si wa kituo kimoja. Kanuni ni hizi tu. Kila mtu kabla ya alfajiri anatuma voisi ya dakika moja, anaeleza zamu yake ilivyokwenda. Marufuku kusoma kutoka kwenye karatasi, na sauti ya kusoma inajulikana, msijidanganye. Anayetaka kusahihisha hamwambii mwenzie "umekosea". Anatuma voisi yake, anaisema sentensi ileile sawasawa, basi. Mwanzoni dakika ilikuwa ndefu kuliko zamu yenyewe. Mwenzetu mmoja alituma sekunde kumi na moja za kupumua. Sasa tunakatana tusizidishe.

Ugonjwa mmoja tu umegoma kupona: he na she. Kiswahili kinatupa "yeye", kwisha. Mpaka leo kuna bwana wodini nimemwita she mara nne kwenye voisi moja, na ana ndevu.

#12 KasaWaRaskazone
Najiuliza tu. Hao Waingereza tunawatafuta kwa bando, mbona 1914 walikuja wenyewe na meli hapa Raskazone, nyuki wetu wakawafukuza? Tungewaacha washuke tungekuwa tunaongea kimombo cha puani.

#13 Mwl_Mstaafu
Kasa, usipotoshe vijana. Wengi wa walioshuka walikuwa askari kutoka India chini ya maofisa wa Kiingereza. Nyuki hawakuchagua, waliuma pande zote mbili. Walioshinda ni jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, na askari wake wengi walikuwa Waafrika. Tena hao Wajerumani ndio waliofungua shule hapa Tanga miaka ya 1890 na kufundishia Kiswahili. Mkoloni aliliona hilo, sisi bado tunaunda kamati.

#14 KasaWaRaskazone
Sawa mwalimu. Nimerudi kwenye kahawa.

#15 Mlalo_Kwetu
Mleta uzi, nina swali dogo sijaona mtu kauliza. Programu hizi ukizifungua mara ya kwanza zinakuuliza wewe unazungumza lugha gani, ili zikueleze kwa lugha hiyo. Kijana alichagua ipi?

#16 BintiMakorora
Swali zuri, sikuwahi kumuuliza. Yuko msikitini, akirudi.

#17 BintiMakorora
Jamani.

Kiarabu.

Anasema kwenye orodha hakukiona Kiswahili, akakiona Kiarabu, akasema hicho nakisoma tangu nina miaka sita. Na kweli, kijana wa madrasa, juzuu tano anazo kifuani. Nikamuuliza: yale maelezo ya sarufi ulikuwa unayaelewa? Kanijibu, "Shangazi, nilikuwa nayasoma vizuri tu."

Kusoma anasoma. Maana ndiyo hana. Siku 412 mtoto anavuka kutoka lugha asiyoielewa kwenda lugha asiyoielewa, na programu inampigia makofi.

#18 KasaWaRaskazone
Nafunga kibanda. Sina la kuongeza. Huyu kijana apewe kazi hiyo hiyo ya ghalani kwa uvumilivu peke yake.

#19 FundiSimu_Ngamiani
Binti, hapo umenipa ushahidi ambao hata mimi sikuutegemea. Mtu amepita ngazi zote bila kuelewa lugha ya maelezo! Maana yake alikuwa anaziona picha, anakariri umbo la jibu, anajua kisanduku chenye herufi kubwa kinakaa mwanzo na chenye nukta mwisho. Programu inapima kubofya. Nilisema #3.

Na Kiswahili kutokuwemo si ajabu. Kozi ya Kiswahili iliyotoka Duolingo 2017 ilikuwa ya mwenye Kiingereza anayetaka Kiswahili. Mlango ulifunguliwa, ila kwa upande wa mgeni.

#20 Mwl_Mstaafu
Fundi, ushahidi huo huo mimi nausoma kinyume. Kijana kafanya kile kile alichofundishwa chuoni kwa ustadhi: sauti kwanza, maana baadaye. Na kumbukumbu yake imefanya kazi. Mtu wa namna hiyo kakosa mwalimu mmoja tu wa kukaa naye wiki tatu amfungulie maana. Maneno anayo kichwani, yamelala. Binti, hebu mpime: mtajie nomino za Kiingereza mia moja uone anazijua ngapi.

#21 BintiMakorora
Nimempima sasa hivi, hamsini zangu za haraka haraka. Kapata arobaini na moja. Kitenzi ndicho kinampiga chenga. Na "walk" anaijua vizuri mno, ndiyo iliyomponza.

#22 Bomba1443
"Walk me through" hata mimi mwaka wa kwanza ningesimama. Tusimhukumu kwa hilo. Neno analijua, maneno matatu yakikaa pamoja yanakuwa kitu kingine. Ni kama mgeni umwambie "piga pasi" atafute mtu wa kumpiga.

#23 MtangataAsilia
Naomba niingize la matamshi maana naona mmelipita. Kuna programu zinazosikiliza, unasema neno zinakupa kijani au nyekundu. Sisi watu wa pwani tuna bahati tusiyoijua. "Three" na "this" zinawatoa jasho watu wa bara, wanasema "sri" na "zis", kwa sababu kwao thelathini ni selasini na dhahabu ni zahabu. Mtoto wa Tanga thelathini anaisema vizuri tangu tumboni. Mimi nikifundisha nasema: shika "the" ya thelathini, ondoa kingine, haya sema "think". Dakika moja. Shika "dha" ya dhahabu, sema "that".

Kuna na jingine. Wazee wetu wanatofautisha paa la nyumba na paa wa porini, yule wa porini anatoka na pumzi. Pumzi ileile ndiyo iko kwenye "pin" ya Mwingereza. Nilimwambia bibi yangu aseme "pin" kwenye simu, hajui Kiingereza hata chembe, programu ikampa kijani. Mjukuu wake mwenye diploma kapewa nyekundu. Hiyo siku sikulala.

#24 Mlalo_Kwetu
Mtang'ata hongera, lakini usiwape watu kichwa. Irabu je? Kiswahili kina tano. Kiingereza cha Uingereza kina kama kumi na mbili, hapo bado zile za kuunganisha. Ship na sheep kwetu ni "shipu" zote mbili, mtu ama anapanda melini ama anafuga. Na sisi tunataka kila silabi iishie kwa irabu, "street" inakuwa "sitiriti", mtaa mrefu kuliko ulivyo. Nyekundu hizo hata bibi yako hazikwepi.

Pia mkazo. Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote, umemaliza. Kiingereza kinahamahama. "Record" ukikanyaga mwanzo ni kumbukumbu au sahani ya muziki, ukikanyaga mwisho ni kurekodi. Programu niliyotumia haikunieleza hilo hata siku moja, ilikuwa inanipa nyekundu tu na sauti ya kengele iliyozubaa.

#25 MtangataAsilia
Kwenye irabu nimekubali. Kwenye bibi sikubali.

#26 ZuhuraWaPangani
Bibi apewe akaunti yake humu.

#27 KijanaDuga
Wakubwa shikamooni. Mbona hakuna aliyetaja akili mnemba? Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 mimi mwalimu wangu ndiye huyo. Naiambia: jifanye msaili wa kampuni ya meli, niulize swali moja moja, usiniulize la pili kabla sijajibu, nikikosea nieleze kwa Kiswahili. Inakubali. Na maelezo ya Kiswahili inayo, kwa hiyo ya Kiarabu yasingetokea.

#28 Bomba1443
Marahaba. Mimi niliijaribu nikakutana na kitu kingine: inasifu mno. Niliandika makusudi sentensi mbovu, ikaanza na pongezi mistari miwili ndipo ikanong'ona kosa. Msimamizi wangu hanong'oni. Halafu kuna siku ilinieleza msemo wa Kiswahili ambao sijausikia Tanga, Unguja wala Mombasa, kwa kujiamini kabisa.

#29 KijanaDuga
Unaiambia isisifu. Inasikia.

#30 Mwl_Mstaafu
Mwanafunzi anayejua kuiambia isisifu tayari hamhitaji mwalimu sana. Mimi nawafikiria wale kumi na wanne wa Binti.

#31 BintiMakorora
Ahsante mwalimu kwa kunirudisha. Hali halisi: watoto kumi na wanne, simu moja, yangu, kioo kimepasuka pembeni. Shuleni simu haziruhusiwi, nyumbani wengi wanaazima ya mama usiku. Bando la elfu moja video mbili limekwisha. Nifanye nini na hiki nilicho nacho? Kishikwambi kimoja si kitakuwa kama maiti, kila mtu anataka kukishika na hakuna anayekaa nacho?

#32 FundiSimu_Ngamiani
Usinunue. Fanya hivi. Pakua vile vipindi vya dakika sita alivyosema Chumbageni, sauti tu, sauti haili bando kama video. Pakua alfajiri. Weka kwenye kadi ya kumbukumbu, chomeka kwenye spika ndogo, zile wanazouzia dawa za mende mitaani. Maandishi yake chapisha nakala tatu, wagawe makundi. Kipindi kimoja wiki nzima, usikimbilie cha pili. Siku ya kwanza wasikilize bila karatasi. Siku ya pili na karatasi. Siku ya tatu unazima spika, wao ndio redio.

Kioo niletee, nitakufanyia bei ya mwalimu.

#33 Mwl_Mstaafu
Na maneno mapya usiyaachie simu. Mjerumani mmoja, Sebastian Leitner, alieleza 1972 jambo la kadi na masanduku. Kata maboksi ya biskuti uwe na kadi, Kiingereza mbele, Kiswahili nyuma. Vikopo vitatu. Neno mtoto akilipata linahama kopo la pili, linaulizwa baada ya siku tatu. Akilipata tena, kopo la tatu, linasubiri wiki. Akilikosa linarudi kopo la kwanza. Programu nyingi za kukariri maneno zinafanya kazi hiyo hiyo, kikokotoo tu kimechukua nafasi ya kopo.

#34 ZuhuraWaPangani
Haya yote mazuri, ila bado hamjanijibu: siku ya tatu spika ikizimwa, wa kwanza akisema "peining", nani atawazuia wengine?

#35 NesiZamuYaUsiku
Mwalimu akosee kwanza. Mimi kwenye grupu nilianza kwa kutuma voisi yangu ya zamani, ile ya kwanza kabisa, niliyosema "the patient has refused to die" nikimaanisha alipona kwa kudra. Walicheka siku mbili. Baada ya hapo hakuna aliyeogopa.

#36 KasaWaRaskazone
"Has refused to die" mbona ni Kiingereza safi tu? Mgonjwa kagoma.

#37 MwongozaWageni
Tunarudi kwa kijana. Binti, kampuni imemjibu? Na sasa anabadilisha lugha ya kuanzia?

#38 BintiMakorora
Hawajajibu, na mimi sisubiri. La kubadilisha lugha tumegombana kutwa. Anasema akianza kozi nyingine atakuwa anaanzia chini kama mtoto, na moto wake utaingia wasiwasi. Nikamwambia moto gani, moto usiopika! Kasusa, kala wali maharage bila kuongea. Sasa hivi yuko barazani, siku ya 418.

#39 FundiSimu_Ngamiani
Mara nyingi moto haupotei ukibadilisha kozi ndani ya programu ileile. Mwambie aje nimuonyeshe, asije akafuta akaunti kwa hasira.

#40 Mwl_Mstaafu
Usimzimie, Binti. Mwache na moto wake, mwongezee mwalimu. Jioni aje kwenye tuisheni yako akae na wale wadogo. Nomino arobaini na moja kati ya hamsini, hawamfikii.

#41 NesiZamuYaUsiku
Na kabla ya alfajiri anitumie voisi moja, namba yangu nimekutumia inboksi. Aeleze siku yake ilivyokwenda. Swali lile lile la usaili, ila hapa akae chini.

#42 BintiMakorora
Ahsante dada. Nimempelekea ujumbe, kanuna lakini kausoma.

#43 KasaWaRaskazone
Uzi uko juu saa kumi na moja alfajiri. Nani bado macho?

#44 BintiMakorora
Mimi. Katuma. Dakika moja na sekunde nne, sekunde ishirini ni jogoo wa jirani. Kasema "I wake up, I pray, I walk", kanyamaza, kasema "no, no walk", kaanza upya.